Kisima cha Baba na Vitanda Ishirini

Dada yangu kazi yake ni kupima maji yaliyo chini ya mwamba, na ofisini kwao wanamwita Subiri Kwanza. Mimi ni mdogo wake, nimesubirishwa tangu utotoni. Ukimuuliza kama chai imeiva, atakuomba muda.

Hospitali ilipotaka kujenga wodi ya wazazi ya vitanda ishirini, baba alikitoa kisima chake, alichokichimba kwa mikono yake miaka miwili mizima. "Hakijawahi kukauka," alimwambia daktari mkuu. Bahati mbaya, aliyetumwa kukithibitisha alikuwa binti yake.

Pampu iliwashwa asubuhi. Maji yakashuka mbio, mita tatu, na kabla ya saa sita yakasimama tuli. Daktari akapiga makofi. Baba akatutazama kama aliyeshinda kesi.

"Tuendelee siku tatu," dada akasema.

"Yamesimama, huoni?" baba akafoka.

"Naona, baba. Ndicho kinachonitia wasiwasi."

Akatueleza. Kwanza pampu hunyonya maji ya kwenye nyufa, nayo huisha upesi. Kisha jiwe lenyewe, lenye vitundu vidogo vidogo, huanza kuvuja taratibu kuzijaza nyufa, na kina hutulia. Nyufa na jiwe vikishalingana, vyote hushuka pamoja. Grafu yake ya makadirio ilionyesha mteremko, tambarare, halafu mteremko tena siku ya tatu.

Baba alisema grafu haijawahi kushika sururu. Akamnyang'anya utepe wa kupimia: atapima mwenyewe, maana watoto wa siku hizi hawaaminiki. Mimi nilikasirika. Dada alimpa na kalamu.

Siku mbili maji hayakusogea, na baba alitusomea namba kama anayehutubia. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alishusha utepe, akauvuta, akaushusha tena. Dada alikuwa garini na kompyuta yake. Daktari alisimama mbali kidogo, fomu mkononi. Namba aliiona baba peke yake.

"Vipi mzee, bado yamesimama?" daktari akauliza.

Baba akakaa juu ya ndoo. Nilimwonea huruma hadi nikatamani kudanganya kwa niaba yake.

"Yameshuka," akasema. Kisha akapaza sauti kuelekea garini: "Mwanangu, ishirini hakiwezi. Hebu piga hesabu, kinaweza vingapi?"

"Vinane, baba."

"Vinane," baba akamwambia daktari kwa ukali, "na usije ukaongeza hata kimoja."