Kikombe cha Kwanza

Juzi, nyumbani kwetu Mabela, huku ng'ambo, binti yangu alishika dele la kahawa mbele ya wageni akaninong'oneza, "Mama, nianze na nani?" Papo hapo nikasikia harufu ya iliki na udi wa sebuleni kwa bibi yangu.

Alasiri moja, nilipokuwa msichana, bibi alikuwa na wageni wawili kutoka Unguja, wote wamechaguliwa na jimbo moja. Mmoja alikuwa mbunge, akikaa Bunge la Muungano kule Dodoma. Mwenzake alikuwa mwakilishi, akikaa Baraza la Wawakilishi palepale Zanzibar. Kwetu kikombe cha kwanza ni cha mkubwa, nami niliamini Baraza ni mdogo wake Bunge. Nikammiminia mbunge kwa fahari.

Bibi naye akamgeukia huyohuyo. "Mwanangu, nna shamba la marehemu baba, watu wanalikata viwanja. Sheria mtaibadilisha lini?"

Mbunge akatikisa kikombe, ishara ya kutosheka, akanirudishia. "Bimkubwa, ardhi ya Zanzibar haifiki Dodoma. Kwa Zanzibar sisi tunajadili ya Muungano tu: jeshi, uraia, pasipoti. Shamba muulize huyu."

Huyu alikuwa bado mikono mitupu. Bibi akaninyang'anya dele, akammiminia mwenyewe, na kumsogezea sahani nzima ya halua.

Nilidhani amemwonea huruma. Leo najua bibi hakuwa na huruma hata chembe alipotaka jambo lake.

Kwa hiyo juzi nilimjibu binti yangu bila kusita: "Kwanza niambie, leo tuna shida gani?"