Maharagwe ya Jumamosi

Chuo chetu cha ualimu wa chekechea, kilicho juu ya duka la mbolea mjini Kisii, kimepangwa kwa hekima: masomo ni Jumamosi na Jumapili. Mimi ni Msabato, Jumamosi siendi. Rafiki yangu wa Sironga ni Mkatoliki, Jumapili haji. Tukakubaliana yeye aniandikie ya Jumamosi, mimi nimwandikie ya Jumapili. Ukitujumlisha, ungepata mwanafunzi mmoja mzima.

Kisha tukapewa kazi ya kuandika nyumbani, maswali mawili: moja la masomo ya Jumamosi, jingine la Jumapili. Chekechea ya karibu na kwetu Kiogoro ilikuwa imeniwekea nafasi, na mwalimu mkuu alishaniambia, "Mama, ukianguka, nampa mwingine." Nami kidato cha nne nilikipita kwa kuchechemea.

Jumatatu tukakutana kwake kubadilishana madaftari. Maandishi yangu, nikiri, yalikuwa ya kutamanisha. Kila neno la mwalimu nilikuwa nimelinasa, kisha nikayapigia mstari mwekundu yote, maana nani anajua lipi ni muhimu? Sentensi niliyoisahau bila mstari ndiyo iliyoonekana kubwa kuliko zote.

Yake yalikuwa nusu ukurasa. Katikati: "Kuhesabu. Mfano wa maharagwe. Tumecheka sana."

"Maharagwe yalifanya nini?" nikamuuliza.

"Aa, dada, ulikuwa mfano mtamu! Ungekuwepo tu."

"Ningekuwepo ningekuuliza?"

Akakuna kichwa. Nisimwonee: alijaribu kukumbuka kwa moyo wote. Kicheko alikikumbuka. Alikumbuka hata aliyecheka zaidi. Maharagwe yenyewe, "yaya", kama tusemavyo Kikisii: hapana.

"Na wewe," akasema akifunua langu, "hapa umeandika 'Mkaribishe mtoto kwa jina. Fungua dirisha. Mpe mahali pa kuketi.' Dirisha nalo ni somo?"

Sikujua. Huenda lilikuwa somo, huenda mwalimu alisikia joto. Kazi yangu ilikuwa kuandika. Kufikiri sikuwa nimeagizwa.

Basi akamwaga maharagwe ya chakula cha jioni mezani, tukaanza kutafuta mfano wetu. Tukayatenga mekundu na yenye madoa, tukafunika mengine kwa kikombe, tukaulizana yamebaki mangapi. Mama mkwe wake akapita, akatazama wanawake wawili wazima wakibishana juu ya punje.

"Bado hamjui kuhesabu, na mnataka watoto wa watu?"

Tuliandika kila mtu kwake, tukapeleka.

Karatasi ziliporudi, tukaitwa sote chuoni Jumatatu kuzichukua; kwenye maharagwe yangu mwalimu alikuwa ameandika: "Huu si mfano niliotoa. Ni mzuri." Nilipita. Rafiki yangu alikuwa ameweka kufungua dirisha kuwa hatua ya kwanza ya kumpokea mtoto, akapewa alama kwa ajili ya hewa safi. Akanicheka mpaka ngazini: "Mwalimu wa madirisha!" Ningemjibu, lakini alama zake zilizidi zangu, na haki ni haki.

Mpaka leo sijui kama mwalimu alikuwa anafundisha au anatoa jasho. Naona haya kumuuliza. Lakini asubuhi nikiingia darasani kwangu Kiogoro, kabla ya jina la mtoto yeyote, nafungua dirisha. Halafu naomba maharagwe jikoni.