Maharage Kando ya Chuma cha Moto

Darasa la binti yangu lilikuwa linakwenda katikati ya Stockholm kuona maonyesho ya historia ya mji mmoja wa chuma, na mwalimu akaomba mzazi wa kumsaidia kuchunga watoto kwenye treni. Nikajitolea. Sikumwambia mtu kwamba kabla ya kuhamia kitongoji chetu cha Vällingby nilichemka miaka tisa kwenye joto la kiwanda cha chuma cha mji huohuo.

Tulipokelewa na dada mpole mwenye skafu. Akatuonyesha sanamu lililovishwa koti la kukinga moto. Koti safi! Langu lilinuka kama beberu aliyeungua.

"Wafanyakazi hawa," akasema kama yuko msibani, "walikuwa watu wakimya, wenye kujivunia kazi yao."

Nikaangua kicheko. Binti yangu akanifinya. "Pappa, sluta!" Eti niache. Ningeachaje?

"Una swali?" akauliza yule dada.

"Sina, dada. Mimi nilikuwa humo. Ukimya gani? Tulitukanana kwa lugha sita, maana katika kelele zile matusi ndiyo yaliyosikika vizuri."

Watoto wakamwacha na sanamu lake, wakanizunguka. Nikawasimulia jinsi mimi na Mkongo wa zamu yangu tulivyopasha sufuria ya maharage kando ya vyuma vilivyokuwa vinapoa. Siku moja msimamizi, Mswidi mrefu asiyecheka, akafuata harufu mpaka pale. Tukajua kazi imeota mbawa. Akafunua sufuria, akala sahani mbili akiwa wima, kisha akaamuru: "Kesho mpunguze pilipili."

Mtoto mmoja akauliza kama niliogopa moto. Sikuona sababu ya kumdanganya.

"Siku ya kwanza chuma kilipomiminwa, kiling'aa kama jua limeangukia ndani ya nyumba. Nilijikojolea. Mkongo akanipa suruali yake ya akiba, hakuuliza kitu. Nadhani alikuwa na sababu ya kuwa na ya akiba."

Darasa zima likavunjika mbavu. Mwalimu akatazama dari. Dada wa skafu akaandika kitu kwenye daftari. Sijui ni maharage au ni mkojo.

Kwenye treni binti yangu alikaa mbali nami kama hatujuani. Tulipokaribia nyumbani akasogea.

"Kesho yake ulirudi kazini?"

"Nilirudi."

"Na ulikuwa bado unaogopa?"

"Sana."

"Wakiuliza tena habari hizi darasani, nitasimulia mimi," akasema. "Wewe unachekacheka mno."