Kizuio cha Moto cha Mzee Kimaiyo

Jirani yangu hapa Matisi, Mzee Kimaiyo, alisimamia ghala la mahindi miaka thelathini, akastaafu akiamini hakuna asilolijua. Sebuleni alijijengea meko ya matofali, eti baridi ya Kitale itamuua. Chumba cha nyuma anafuga vifaranga, na hao anawatunza kuliko alivyowahi kumtunza binadamu yeyote.

Binti yake Sally anafanya kazi Kanduyi. Alipomletea mtoto wake Jepkorir, mwenye mwaka mmoja na nusu, alikuja pia na kizuio cha waya alichochomelewa na fundi wa Bungoma.

"Baba, hii inakaa mbele ya moto. Usiitoe."

Wiki haikuisha. Nilikwenda kununua vifaranga, nikakikuta kizuio chumba cha nyuma, kimezungushiwa jiko la makaa. Vifaranga walikuwa wamelala pembeni yake, salama salimini.

"Na mtoto je?" nikamuuliza.

"Mama Farid, kifaranga haina akili. Mtoto si anasikia? Nikimwambia kaa, anakaa."

Anasikia. Mtoto ambaye juzi alikula sabuni.

Jumamosi asubuhi nikasikia kilio, nikaingia mbio. Jepkorir alikuwa ametia mkono kwenye makaa ya sebuleni. Babu alikuwa nyuma, akiwabadilishia vifaranga maji. Nilimshika mtoto, nikauweka mkono wake chini ya bomba na kuacha maji yatiririke, naye Mzee akaja mbio na dawa ya meno ampake. Nilimwambia akapige mswaki.

Sally alifika mchana, tumesharudi kutoka hospitali, mkono wa mtoto umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Mimi ningetukana. Yeye alimbeba mwanawe hadi chumba cha nyuma, akamketisha kwenye maranda katikati ya vifaranga.

"Baba, siku nikimleta tena nitamwacha hapa. Hapa ndio watoto wanachungwa."

Mzee alikitoa kizuio kwenye jiko la makaa, akakibeba hadi sebuleni.

Siku hizi kizuio kiko sebuleni, mbele ya meko, kimefutwa vumbi. Kila jioni Mzee huwasha moto na kuketi peke yake, macho kwenye zile waya. Jepkorir yuko Kanduyi kwa mama yake. Jana Mzee aliniuliza kama Sally amenipigia simu. Nikamwambia amepiga, na hajamuulizia baba yake.