Mathe alikataa feni yangu Kawangware akahamia kwa brathe mwenye nyumba ya majani

Niaje wakuu. Huwa nasoma tu hapa na kupita, leo acha niandike yangu. Ni mambo yalinitokea mimi mwenyewe, na penye nilikosea sitaruka.

Naishi Kabiro, Kawangware. Nyumba ni mabati juu, mabati kando. Kama umewahi kaa nyumba kama hiyo unajua: Februari saa nane mchana ni oveni, Julai asubuhi ni friji.

Mimi ndio firstborn. Nauza viatu vya mitumba Soko la Toi. Ndugu yangu mdogo, Wanjala, ni mtu wa mjengo, anakaa Kibera upande wa kuelekea Ayany. Nyumba yake ni mabati pia, tena ndogo kuliko yangu.

Tumeshindana tangu utoto. Mara nyingi nilikuwa nashinda mimi, na nilikuwa nimezoea hivyo.

Sasa, Februari mwaka jana mathe alitoka ushago, kule kijijini. Presha ilikuwa imepanda, akatakiwa aonekane kliniki ya huku kila wiki kwa mwezi mzima. Kwetu mama hufikia kwa mtoto wa kwanza, hiyo haijadiliwi.

Nikajipanga. Nikanunua feni kubwa ya kusimama na godoro mpya. Bibi yangu Rose akapunguza vitu ndani mathe apate nafasi.

Siku ya tatu mathe akawa anashinda kwa korido, miguu ndani ya beseni ya maji. Feni inazunguka, lakini kazi yake ni kusukuma hewa moto kutoka kona hii hadi ile. Tokeni za stima nazo zinakatika mbio.

Siku ya tano akaniita, akaniambia polepole, "Baba, nipeleke kwa Wanjala nipumzike huko kidogo."

Wakuu, niliumia. Lakini nikampeleka.

Nilikuwa karibu mwaka mzima sijafika kwa Wanjala, na kutoka kibanda changu Toi ni kutembea tu. Nikakuta nyumba haionekani vizuri, imefunikwa kijani.

Alikuwa amesimamisha vijiti na waya juu ya paa, akapandisha mapasheni hapo. Majani hayakugusa mabati, aliacha nafasi upepo upite katikati. Upande wa jua la jioni aliweka migomba miwili, anaimwagilia maji ya kusuuza nguo. Upande ule mwingine, penye baridi ya Julai hupiga, alipanga magunia ya mchanga yenye sukuma wiki, moja juu ya nyingine kama ukuta.

Landlady wake, mama mmoja Mnubi, alimkubalia bora naye awe anachuma pasheni.

Mathe aliingia, akakaa kwa kiti, na kabla chai iive alikuwa amelala. Saa tisa mchana. Hakuna feni.

Mimi nilizunguka ile nyumba natafuta makosa. Nikagusa mabati kwa ndani nikitaka iwe moto. Haikuwa moto.

Wiki hiyo nikaanza kazi ya ovyo. Nilimwambia mathe hayo majani yataleta nyoka. Akacheka. Nikamwambia ni mbu. Akasema ana neti.

Mwishowe nikamwambia watu wa kanisa wanasema Rose ndiye amemfukuza. Hakuna mtu alikuwa amesema hivyo. Ni mimi nilitunga. Mathe anampenda Rose sana, kwa hivyo alifunga mkoba akarudi Kabiro siku hiyo hiyo.

Nilifurahi, sitadanganya.

Siku ya pili, saa nane mchana, alisimama kuchukua maji akaanguka mlangoni. Rose alinipigia simu, nikaacha viatu vimeanikwa nikakimbia. Kliniki wakasema amekauka maji na presha imeruka. Daktari akauliza analala nyumba ya aina gani. Nikamwambia ni mabati juu, mabati kando.

Wanjala alikuja moja kwa moja kutoka site, saruji kwa viatu. Nilikuwa nangoja anitukane. Aliuliza tu kama mathe amekunywa maji. Afadhali angenitukana.

Tukatoka nje nikamwambia ukweli wote, hadi ile hadithi ya kanisa. Nikamwambia ni wivu.

"Najua," akasema. "Mathe alimuuliza Rose, naye Rose akaniambia." Akakung'uta saruji kwa viatu. "Jumapili utakuwa nyumbani?"

Mathe alirudi kwa Wanjala kumalizia mwezi, akapata nafuu. Na Jumapili Wanjala akaja kwangu na miche ya pasheni na migomba, mbegu za malenge, magunia, waya na koleo. Landlord wangu alikubali, sharti tusipige msumari kwa mabati yake.

Kwa wale watataka kujaribu: pasheni huchukua muda, kwa hivyo panda malenge pia, hayo hukimbia. Kwanza funika upande wa jua la alasiri. Na acha nafasi kati ya majani na mabati.

Kufikia Julai magunia yalikuwa yamezuia ule upepo. Zamani tulikuwa tunaingiza jiko la makaa ndani tuote, kitu hatari sana. Msimu huo hatukuliingiza hata mara moja. Feni nayo siku hizi imekaa tu, Rose huanika soksi hapo.

Majirani wakaanza kusimama kuuliza ni nani alinifunza. Na mimi, wakuu, bado nilikuwa najibu ati niliona kwa simu. Miezi mizima.

Juzi mama mmoja wa plot ya pili aliuliza hivyo hivyo, na Wanjala alikuwa hapo juu ya stuli anakaza waya. Hakugeuka. Alingoja kusikia nitajibu nini, nilimwona mkono umesimama.

Nikasema, "Ni huyu. Mimi nilikuwa nabeba maji tu."

Mkono ukaendelea kukaza waya. Baadaye nikaona anajifuta macho kwa bega, akasema ni vumbi.

Mimi nilichojifunza: wivu haukuniisha, bado naufeel nikiona migomba yake imenenepa kuliko yangu. Lakini nusura uniulie mama, kwa hivyo siufuati tena penye unanituma.

Wewe nawe, kuna ndugu umewahi onea wivu mpaka ukafanya upuzi? Andika hapo chini. Na mwenye anajua dawa ya vidukari kwa pasheni anisaidie, vinanimaliza.