Mapipa Matupu ya Kimwani

Siku yangu ya kwanza kazini, bandarini Bukoba, nilivaa tai pana ambayo ingetosha kuwa tanga la meli. Uhuru ulikuwa bado unanukia rangi mbichi, nami nilikuwa na cheti cha masomo ya jioni, nilichokisomea kwa taa ya chemli mpaka pua yangu ikawa nyeusi kama chungu. Nilidhani nimekuja kutawala. Karani Mkuu, mzee mnene wa maneno machache, akanishika mkono akanipeleka ghalani, mbele ya pipa la chuma lenye picha ya fuvu.

"Msomi," akaniambia, "hili linaongea?"

"Hapana, mzee."

"Basi wewe ndiye mdomo wake. Ukinyamaza litaongea lenyewe, na hakuna atakayebaki kusikiliza."

Ndivyo nilivyoanza kuandika hati za mizigo ya hatari. Dawa ya wadudu wa mibuni, tindikali ya betri, petroli, hata baruti za kupasulia miamba ya barabara, vyote vilitujia kwa meli kutoka Mwanza. Kila mzigo ulikuwa na hati ya shehena, yaani karatasi inayotaja mali, mtumaji na mpokeaji. Wa hatari uliongezewa tamko: jina halisi la kitu, madhara yake, jinsi kilivyofungwa, na la kufanya kikivuja. Nakala moja ilikaa kwa nahodha, au kwa dereva mbele, wala si nyuma kwenye mzigo, maana karatasi iliyolowa sumu haimsaidii mtu. Tulipanga pia kipi kisilale jirani na kipi. Safari moja Karani Mkuu alizuia meli kung'oa nanga kwa sababu magunia ya unga yaliwekwa kando ya dawa. Abiria walimtukana kwa kila lugha ya ziwa. Yeye aliitikia tu, "Asante, asante," mpaka gunia la mwisho likahamishwa.

Miaka ya vijiji vya ujamaa nikapelekwa Muleba, kwenye bohari ya pembejeo. Mkubwa wangu huko alikuwa Meneja wa Bohari, mtu nadhifu mno. Nadhani hata kivuli chake kilipigwa pasi. Hakuna lori lililotoka kwake bila hati kamili. Alikuwa na kanuni aliyoipenda kama mtoto wa kwanza: pipa likiisha dawa, lebo ya fuvu ibanduliwe, na hati iandikwe "chombo kitupu".

"Karatasi isiseme uongo," alisema. "Ukiandika sumu pasipo na sumu, kesho hawatakuamini penye sumu."

Ilikuwa hoja nzuri. Mpaka leo sijapata mtu wa kuipinga akiwa amekaa ofisini.

Basi kijiji cha huko Kimwani kikamaliza kujenga ghala lake la pamoja, na kamati ikaomba mapipa ya kuwekea maji. Pipa siku hizo lilikuwa mali. Mtu angeweza kuposea mke. Tukabandua lebo, nikapiga taipu hati ya vyombo vitupu, mapipa yakapakiwa kwenye lori pamoja na mabati, mbuzi na watu. Kwa vyombo vitupu kupanda na watu hakukuwa na katazo.

Asubuhi ya kufungua ghala, Bwana Shamba wa wilaya alipita ofisini akiyaulizia mapipa, ayazike.

"Yako Kimwani," Meneja akamjibu. "Ya maji."

Dereva wa lori, aliyekuwa mlangoni akijaza tairi upepo, akacheka. "Maji ya wapi, waitu? Nimepita pale jana. Mtumbwi wa kukamulia ndizi haukuwatosha kwa wingi wa wageni. Pombe ya rubisi wameimimina kwenye mapipa, na wanainywa leo."

Meneja akainuka. Alichukua ufunguo wa Landrova akaendesha mwenyewe, Bwana Shamba kando yake, mimi nyuma. Barabara ile ilikuwa na mashimo ya kufugia viboko. Aliyapita yote bila kupunguza mwendo, akisali kwa Kilatini.

Kwetu mwenye pombe hunywa kwanza. Hujaza kibuyu, hunywa mbele ya wageni, hufuta mdomo, ndipo wengine hupewa. Ndiyo namna ya kuwaonyesha kwamba hakuwatilia sumu.

Tulikuta watu wamekaa mbele ya ghala, vibuyu vyao bado vikavu. Ta Ishengoma, mwenyekiti wa kamati na mwenye pombe siku hiyo, alikuwa amepiga magoti kando ya pipa, mate yakimtiririka, mikono ikitetemeka.

"Ameonja mpaka amelewa peke yake," mzee mmoja akasema, na watu wakacheka. "Ishengoma, tuachie na sisi kidogo."

Bwana Shamba akalisukuma pipa kwa mguu, likaanguka. Rubisi ikasambaa kwenye nyasi ikinuka ndizi na, ndani ya ndizi, kitunguu saumu, ile harufu ya dawa ya mibuni tuliyoijua sisi wa bohari. Kicheko kikakatika.

Tulimpakia nyuma. Mkewe, Ma Koku, alikilaza kichwa chake mapajani.

"Tuliyaosha," alikuwa akiniambia. "Kwa majivu, kwa mchanga, kwa maji ya moto. Tuliyaosha."

Kabla hatujafika hospitali Ta Ishengoma aliacha kutetemeka. Hakuna aliyemwambia Meneja. Aliendelea kukimbiza gari.

Pale mlangoni pa hospitali Ma Koku alimtazama Meneja. "Mapipa yenu mengine yana picha ya kichwa cha mfu. Haya hayakuwa nayo."

"Tuliibandua, mama. Yalikuwa matupu."

"Na karatasi ilisema nini?"

"Ilisema matupu."

"Mngeandika," alisema, bila kupaza sauti. "Mimi nimehitimu kisomo cha watu wazima. Mngeandika sumu, ningesoma."

Tangu hapo bohari yetu haikubandua lebo. Pipa tupu lilisafiri kwa hati ileile ya pipa lililojaa, na kwanza lilitobolewa kitako. Meneja aliyatoboa mwenyewe kwa patasi na nyundo, shati likilowa jasho, huku watu wakimlaani kwa kuharibu vyombo vizuri.

Sasa nimestaafu, niko Izigo na migomba yangu, ambayo mikungu yake huzuia ndege kupita. Makarani vijana huja kuniuliza hati nzuri inaandikwaje. Nawaambia wamfikirie mtu wa mwisho atakayelishika lile pipa, baada ya dereva, baada ya mpokeaji, mtu ambaye jina lake halimo kwenye karatasi. Wasidhani hajui kusoma. Ma Koku alijua. Sisi ndio hatukumwandikia kitu.