Ubeti Niliomkatia Bi Mwanakheri

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hata kiti. Msimamizi wa Chumba cha Herufi, mtu mfupi mwenye kofia ya viua na miwani iliyofungwa uzi, alinijaza kiganja herufi za chapa, za madini ya risasi, akanambia, "Fumba macho. Haya, umeshika nini?"

Nkapapasa. "B ndogo, bwana."

"D hiyo. Herufi ya risasi imegeuka, kama uso wako kiooni. Rudia."

Nilirudia asubuhi nzima, vidole vyeusi tititi, na moyoni nnamlaani. Kilikuwa kiwanda cha chapa cha Mji Mkongwe, ndani ya kichochoro ambacho mkokoteni ukipita watu hujibana ukutani. Leo pahala pale panauzwa vikapu vya watalii. Nakuelezeni haya nyinyi mnaopanga vitabu kwa kompyuta za kubeba, na wengine ati kwa simu, ili mjue tulivyofanya kazi. Na nakuelezeni pia kwa sababu nilimkatia bibi mmoja wa Bwejuu ubeti wake wa mwisho, na tangu siku hiyo sina raha.

Tulipanga kwa mkono. Kila herufi ilikuwa na kijisanduku chake kwenye trei ya mbao, na mpangaji huziokota moja moja akazitia kwenye kishikio cha chuma mpaka mstari ukajaa. Kati ya mistari tukitia vibati vyembamba ili maneno yasibanane. Pambizo, ile nafasi tupu ya kando ya maandishi, Bwana Msimamizi hakukubali ipunguzwe hata kidogo. "Hapo ni pahala pa kidole gumba cha msomaji," akisema. "Usimnyang'anye mtu pahala pake."

Kulikuwa na kosa moja akilichukia kuliko yote. Mstari wa mwisho wa aya ukiangukia peke yake juu ya ukurasa mpya, sisi tukiuita mjane. Siku moja nilimwacha mjane wangu pale juu, nkasikia naitwa.

"Zuhura!"

"Naam, bwana."

"Mtizame huyu masikini. Mpandishe akakae na wenzake."

"Na pakikosekana nafasi, bwana?"

"Utapunguza vibati. Ukishindwa, mwandishi aulizwe. Sisi ni wapangaji, hatukuajiriwa kukata."

Ule upande wa kwanza wa somo niliushika maisha yangu yote. Huu wa pili, mwandishi aulizwe, niliuacha Tunguu.

Huko nilihamia risasi ilipokwisha wakati wake na kompyuta zikaingia. Ilikuwa ofisi ndogo ya machapisho, na mkubwa wetu alikuwa Mhariri Mkuu, mtu wa pupa, chai yake anainywa amesimama. Tukitengeneza ripoti. Sasa, kwenye chapa kurasa huenda kwa mikunjo: karatasi moja kubwa hukunjwa na kukunjwa tena ikatoa kurasa kumi na sita. Ripoti ikizidi kwa mistari mitatu, mistari hiyo mitatu inakudai karatasi nzima. Mhariri Mkuu hakuwa na subira ya kubana wala kupanga upya. "Kata, Bi Zuhura," akinambia. "Nani atajua?" Na kweli, hakuna aliyejua. Ripoti nani anazisoma? Nkakata mwaka baada ya mwaka, mkono ukazoea, na watu wakanisifu kwamba kazi za Zuhura hazizidi wala hazipungui. Mie nkajiona fundi.

Nilipotoka Tunguu nilifungua chumba cha mbele cha nyumba yetu Kikwajuni, Baba Rukia akanipigilia rafu. Baba Rukia ni mume wangu, na jina lake hamtalisikia kwangu. Ndivyo tulivyolelewa, mke hamtaji mumewe. Wasichana wa siku hizi wanawaita waume zao kwa majina katikati ya soko. Haya, dunia yao hiyo.

Wateja wangu walikuwa waandishi wanaojichapishia wenyewe. Walimu wastaafu, nahodha mmoja mwenye hadithi zisizokwisha, bibi wa Mbweni na mapishi yake. Kila mmoja anataka jalada lenye jua linazama, na jina lake liwe kubwa kuliko la kitabu. Nkigombana nao. Mwalimu mmoja alitaka aina saba za herufi kwenye jalada moja, nkamuuliza, "Mwalimu, hiki ni kitabu au bango la taarab?" Akanuna, lakini akarudi. Niliwapenda, wallahi. Mtu anayechapisha kitabu chake kwa jasho lake hana mwengine wa kumlinda ila yule anayempangia.

Ndipo akaja Bi Mwanakheri kutoka Bwejuu, na binti yake Tatu amemshika mkono. Mkulima wa mwani, mikono imekwaruzika kwa chumvi na kamba.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mtengeneza vitabu?"

"Ndiye mie. Karibu, kaa kitako."

Akatoa daftari ndani ya kanga. Ulikuwa utenzi, ameuita Utenzi wa Bamvua, yale maji makubwa ya bahari, wa maisha yake na mumewe tangu walipooana mpaka alipomzika. "Haya ni ya marehemu Baba Tatu," akasema. "Nimeyaandika kwa mkono wangu. Nimeingia kisomo na ukongwe huu, wenzangu wakinicheka, nkawambia chekeni."

Maandishi yalikuwa makubwa, ya mtu anayebonyeza kalamu mpaka karatasi ya pili.

"Daktari kanambia nna presha ya macho," akaendelea. "Kinachoondoka hakirudi. Nataka kitabu nikione mwenyewe kabla ya kiza."

"Utakiona, inshallah."

"Na beti zangu usiniguse, mwanangu. Zimekaa kwa mpango wake. Kama zilivyo, hivyo hivyo."

"Usiwe na wasiwasi, Bi."

Mpango gani, sikumuuliza. Nilidhani ni yale maneno ya kila mwandishi, maana wote husema neno lao lisiguswe.

Nilikifanyia kazi kitabu kile kwa moyo. Nilichagua herufi nene kidogo, kubwa, kwa ajili ya macho yake. Beti nne kila ukurasa, na nafasi ya kutosha kati yao. Mikunjo minne, kurasa sitini na nne. Ukurasa wa mwisho niliuwekea ua zuri, na chini ya ua nikaandika: Kimepangwa na Zuhura, Kikwajuni. Nilipomaliza kupanga nikaona ubeti mmoja, wa mwisho kabisa, umeangukia juu ya ukurasa ule ule wa jina langu. Ubeti juu, jina chini, katikati ua. Ukurasa umekaa kama kinywa cha kibogoyo.

Nikausoma. Ilikuwa dua, na ubeti wa kabla yake nao ulikuwa dua. Nkajisemea, utenzi umeshakwisha pale, hapa anarudia tu. Ningeweza kubana kurasa za mbele. Ningeweza kulitoa jina langu na ua langu. Ningeweza kumpigia Tatu simu, na simu ilikuwa mkononi. Mjane wa kweli yuko Bwejuu, hai, na mie nahangaika na mjane wa karatasi. Nikabonyeza, ubeti ukaondoka. Prufu, ile nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapwa, sikumpelekea, nkisema namhurumia macho yake.

Vitabu vilipotoka nilivipeleka mwenyewe. Bi Mwanakheri alikuwa amekaa kwenye mkeka ukumbini. Jalada la kijani, nililolihangaikia wiki nzima, hakulitizama. Alifungua nyuma, akakisogeza kitabu karibu na pua, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza ya ubeti, akashuka nacho kwenye ubeti wa pili, na wa tatu. Akawa anazitaja herufi taratibu, kama wanavyofundishwa kisomoni.

"M. A. K. A. M." Akafunua ukurasa. Kidole kikatua kwenye ua. "Ya mwisho i wapi?"

"Ipi, Bi?"

"E. Ubeti wa Ewe Mola. Uko wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. "Makame," nkasema.

Akajiziba mdomo kwa kanga, ana haya kama mwari. "Wewe unaweza kulitaja. Mie tangu siku niliyoolewa halijanitoka mdomoni, si mbele yake wala kaburini kwake. Nkasema nitamwita kwa herufi. Sauti haitoki, adabu haivunjiki, na nitaliona jina lake mimi mwenyewe kwenye kitabu." Akakifunga. "Mara moja tu nimemwita, mwanangu, na wewe umenikata kauli."

Na mie, niliyelelewa kama alivyolelewa yeye, nisiyemtaja Baba Rukia mpaka kesho, ndiye nisiyegundua! Lakini wakati ule, Mungu anisamehe, nilijitetea. Nkamwambia kitabu kimependeza, ni ubeti mmoja tu, kwenye toleo la pili tutaurudisha.

"Toleo la pili la macho sina," akasema, bila hasira. Bora angenitukana.

Nikamwahidi kuchapa vikaratasi vyenye ubeti ule, tuvibandike kwenye kila nakala. Kazi ya asubuhi moja. Lakini ulikuwa mwezi wa Shaaban, harusi juu ya harusi, kila mtu anataka kadi zake jana. Nkasema wiki ijayo. Ukaingia Ramadhani, nkasema baada ya sikukuu. Baada ya sikukuu nilikwenda Bwejuu na vikaratasi vyangu na chupa ya gundi, nikamkuta Bi Mwanakheri kwenye mkeka ule ule, amegeuza uso pale sauti yangu ilipotoka.

"Ni nani?" akauliza.

"Ni Zuhura, Bi. Nimeleta E."

Alitaka kuishika. Akapitisha kidole juu ya kikaratasi, akapapasa, akarudia. Chapa ya siku hizi haina mwinuko, ni laini kama ganda la yai. Nilizikumbuka zile herufi za risasi za kiganjani, nikalia kimya kimya. Tatu akamwambia, "Mama, nikusomee," akausoma ubeti wote kwa sauti nzuri. Bi Mwanakheri alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Ubeti nausikia. Yeye simsikii. Yeye nilimweka wa kuonwa." Akanirudishia kikaratasi. "Haidhuru. Basi na wamuone watu."

Nshafunga chumba cha Kikwajuni. Vijana wakija kuniuliza habari za pambizo na nafasi za mistari nawafundisha, na nusu ya pili ya somo la Bwana Msimamizi ndiyo ninayoanzia. Bi Mwanakheri yuko hai, alhamdulillahi. Nakwenda kumtizama kila nikipata nafasi, na kabla hajaniuliza hali huniuliza, "Wangapi?" Maana yake, watu wangapi wameshamuona, nakala ngapi zimeshatiwa ubeti. Zile zilizobaki ndani ya maboksi tulizibandika sote na Tatu. Zilizokwishatoka zimetawanyika: jamaa wa mjini, Pemba, hata Maskati. Nimezifuata nyumba kwa nyumba na gundi yangu, na miguu yangu sasa hainibebi.

Kwa hiyo nakuombeni nyinyi. Mkikutana na kitabu cha kijani, Utenzi wa Bamvua, fungueni ukurasa wa mwisho. Mtaliona jina langu chini ya ua. Lipigeni mstari, halina kazi pale. Kisha chukueni kalamu, muandike juu yake kwa herufi kubwa ubeti huu, na mniletee habari nikamwambie:

Ewe Mola wa rehema,
Mja wako mpe mema,
Mlaze mahala pema,
Tukutanishe peponi.